Watazamaji Wawili wa Jalada Wazi

Katika miaka thelathini na mitano ya kutengeneza redio na televisheni pale Mwembesongo, Huzefa alishaletewa maradhi ya kila namna. Aliletewa televisheni iliyoingiwa na mende, iliyomwagiwa uji, iliyopigwa na radi, na moja ambayo mwenyewe aliapa kwamba hujizima kila akiingia mama mkwe wake. Lakini televisheni inayougua siku moja tu kwa wiki hakuwahi kuiona mpaka alipokuja Mwaisha.

Mwaisha alikuwa mkulima wa mdalasini kutoka Kinole, kijiji cha milimani, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kumwita jirani wa ng'ambo ya bonde. Alishuka asubuhi moja na gari la ndizi, televisheni yake ameifunga kwa khanga mbili kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaiweka mwenyewe juu ya meza ya fundi.

"Ina giza," alisema.

"Giza la namna gani, mama?"

"Giza. Watu wanaongea, siwaoni sura. Kila Jumatano saa nne asubuhi. Siku nyingine zote nzima kabisa."

Huzefa alivua miwani, akamtazama. Mwaisha hakuwa anatania.

"Iache," akamwambia. "Njoo Alhamisi."

Aliifungua, akapangusa vumbi, akapima kila kinachopimika, asikute kitu. Jumatano ilipofika aliiwasha, akaunga king'amuzi, akatafuta stesheni aliyotajiwa, stesheni ndogo ya Dar ambayo hata matangazo yake ya biashara yalikuwa machache. Saa nne kamili, picha ikaingia giza.

Kulikuwa na chumba na balbu moja. Mwanamke aliyevaa koti la kiume alikuwa amekaa, anakula muhogo wa kuchoma kwenye gazeti. Mbele yake mwanamume ambaye nusu ya uso tu ndiyo iliyoonekana. Hakuna aliyesema neno. Mwanamke akatafuna, akameza, akakunja gazeti polepole. Huzefa alinyoosha mkono kuchukua rimoti aongeze mng'ao, kisha akaurudisha. Televisheni haikuwa na ubovu wowote. Waliotengeneza picha ile walitaka iwe vile.

Iliitwa *Jalada Wazi*. Ilikuwa tamthilia ya polisi, lakini haikufanana na tamthilia za polisi alizozijua. Hakuna aliyeruka ukuta. Bastola ilionekana mara moja tu, nayo ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo wake umepotea. Mpelelezi, Sajenti Teodora, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mguu mbovu, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na watu mpaka wachoke kusema uongo. Kesi nyingine alizishinda. Nyingi zilimshinda, akafunga jalada akaenda nyumbani kwa miguu.

Alhamisi Mwaisha alipokuja, Huzefa alimwambia ukweli. "Mama, tivii yako ni nzima. Ni ule mchezo. Wameupiga gizani makusudi."

"Makusudi?" Mwaisha akafikiri. "Basi mimi nilidhani mambo mazuri kama yale hayawezi kuwa yamefichwa kwa kupenda." Akaanza kufunga khanga zake, kisha akasita. "Umeangalia?"

"Nilikuwa napima."

"Umeangalia. Haya niambie, nani amemuua karani wa mizani?"

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, juu ya maiti ya karani wa mizani ya malori aliyekutwa kisimani katika sehemu ya kwanza. Kila Jumatano baada ya saa tano simu ya Huzefa ililia, na mkewe Shabnam, aliyekuwa akikaanga vitunguu nyuma ya duka, alisikia nusu ya mazungumzo ambayo yangempeleka mtu mwingine mahakamani: "Hapana, hapana, mkewe hakumuua, alikuwa msibani… Kisu kile si chake…"

"Wewe mzee," Shabnam alimwambia siku moja, "mjini hapa kuna watu laki ngapi? Nimeuliza sokoni, nimeuliza kwa jirani zetu kina Geeta, nimeuliza jamaa zangu wote. Hakuna hata mmoja anayejua huo mchezo. Mko wawili tu, wewe na yule mama wa mdalasini."

"Almuradi hatupungui," Huzefa akajibu.

Shabnam aliyapenda maigizo yenye harusi na vito na mama wakwe wabaya, na mwanga mwingi kama wa duka la dhahabu. Hakuelewa mumewe, mtu asiyependa hata kusikia habari za msiba, anapata raha gani kutazama watu wenye shida wakikaa kimya. Huzefa naye hakumweleza, kwa sababu maelezo yake yalikuwa na historia.

Mwaka tisini na nane wezi walivunja duka lake. Waliondoka na redio kumi na moja za wateja. Polisi walikuja, wakaandika, wakauliza, wakaenda, na mwizi hakuonekana mpaka leo. Huzefa aliwatafutia wateja redio nyingine, mmoja mmoja, ikamchukua miaka. Hayo hayakumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba mtaani kulikuwa na watu waliosema fundi ameziuza redio za watu kisha akavunja mlango wake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia usoni. Aliyasoma kwenye salamu zao, zilizokuwa fupi kuliko zamani.

Sasa, katika sehemu ya tano ya *Jalada Wazi*, alikuwepo mwenye duka aliyeibiwa mali za watu. Sajenti Teodora alihangaika na kesi ile, ikamshinda. Mwisho akaenda dukani kwa yule bwana kwa mguu wake mbovu, akasimama mlangoni, akasema: "Mwizi sijampata. Lakini najua si wewe. Nimekuja kukuambia hilo tu." Akaondoka.

Huzefa aliweka chini chuma cha kulehemia. Alikaa akitazama matangazo ya sabuni yaliyofuata mpaka yakaisha, na macho yake yalikuwa mekundu. Tangu siku hiyo alianza kurekodi kila sehemu kwenye flashi, na zile za mwanzo akazinasa stesheni ilipozirudia baadaye.

Katika tamthilia ile, aliyempenda kuliko wote hakuwa hata Sajenti. Alikuwa Nusu, mtoa taarifa wa polisi, mwanamume mwembamba wa vijiweni aliyeitwa hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza habari. Alitoa nusu, akanywa chai ya Sajenti, akaondoka. Mwigizaji wake hakuwa mtu wa jina. Alikuwa na uso wa mtu unayempita stendi kila siku. Lakini alipokuwa kwenye picha, Huzefa alisahau kwamba mkononi ameshika waya.

Sehemu ya kumi na moja iliishia kwa Nusu. Aliingia chumba chenye balbu moja, safari hii bila kuitwa, akakaa, akasukuma kikombe pembeni. "Sajenti," akasema, "leo nakupa nusu ya pili." Picha ikakatika hapo.

Jumatano iliyofuata, saa nne, kulikuwa na mtu anayefundisha kupika maandazi.

Huzefa alidhani stesheni imekosea. Wiki ya pili maandazi yakawa sambusa. Wiki ya tatu alipiga simu Dar. Binti aliyepokea alikuwa mpole, lakini ilimbidi Huzefa alitaje jina la tamthilia mara tatu. Baada ya kumwacha akisikiliza muziki, binti alirudi akasema, "Mzee wangu, ule mchezo umesitishwa. Haukuwa na watazamaji."

"Mimi je?" Huzefa akauliza.

"Samahani, mzee."

Alimpigia Mwaisha kumpa habari kwa sauti ya kutoa taarifa ya msiba, na Mwaisha naye akapokea vilevile. "Basi hatutajua," alisema.

Ilipita mwaka na miezi. Mvua za masika zilikuja zikaenda. Mwaisha aliendelea kupita dukani kila akishuka na mdalasini na machungwa, wakazungumza habari za nyumbani, na mara mojamoja bado walibishana kuhusu karani wa mizani, kama watu wanaomkumbuka marehemu waliyemjua wote.

Kisha Jumatatu moja Mwaisha aliingia dukani bila hata salamu.

"Nimemwona Nusu."

Huzefa akacheka.

"Wallahi nimemwona! Nilikwenda Matombo kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu. Nikasikia mtu nyuma yangu anaomba apewe kiti. Mzee Huzefa, ile sauti! Nikageuka, ni yeye. Amebeba mkungu wa ndizi. Nikauliza watu, wakaniambia huyo ni Tomasi Mkude, mtoto wa hapahapa, alikuwa Dar akarudi. Wao hawana habari ya mchezo wowote."

"Ukamsemesha?"

"Niliona haya," alisema Mwaisha, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiona haya. "Nikasema hili twende wawili."

Walikwenda Jumamosi na gari la matunda lililokuwa linapanda tupu, Mwaisha katikati na Huzefa dirishani. Huzefa alizaliwa chini ya milima ya Uluguru, ameitazama kila asubuhi ya maisha yake kujua kama mvua itanyesha, lakini mara ya mwisho kupanda upande ule alikuwa mtoto. Njia ilikuwa mbaya, mgongo ulimuuma, na alikuwa na furaha ya ajabu. Njiani aliyapanga maneno atakayosema. Alipomwona Tomasi Mkude amesimama uani kwake na panga la kukatia majani ya migomba, yote yakampotea.

"Shikamooni," Tomasi akawasalimu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kidogo, mwembamba kama kwenye picha, nywele zimeanza mvi.

"Marahaba," wakajibu pamoja. Mwaisha akamsukuma Huzefa kwa kiwiko.

"Sisi," Huzefa akasema, "ni watazamaji wa *Jalada Wazi*."

Uso wa Tomasi ulifungika. Alitazama gari lililowaleta, akatazama barabarani kama anatafuta nani amejificha. "Nani kawatuma? Oscar? Mwambieni nimecheka, yameisha." Akageuka akaendelea na migomba yake.

Baadaye walikuja kuelewa kwamba Oscar alikuwa mwigizaji mwenzake wa zamani, mtu wa mizaha, ambaye aliwahi kumpigia simu akijifanya mtu wa kamati ya tuzo. Lakini saa ile Huzefa aliona tu mgongo wa mtu unaondoka. Akasema jambo la kwanza lililomjia.

"Kuanzia sehemu ya tatu ulikuwa unanywa chai kwa mkono wa kushoto."

Panga likasimama hewani.

"Sehemu ya pili polisi walikubana mkono wa kulia kwenye mlango wa gari," Huzefa akaendelea. "Hakuna aliyeutaja tena. Hata Sajenti. Lakini wewe hukuutumia mpaka mwisho. Hata kufunga vifungo vya shati. Nilirudia kuangalia. Nilitaka kukuuliza kama uliambiwa, au ulijiamulia mwenyewe."

Tomasi aligeuka. Aliwatazama kwa muda mrefu, yule mzee wa Kihindi na kofia yake nyeupe yenye nakshi za dhahabu, na yule mama wa Kinole na kapu lake. Akachomeka panga kwenye mgomba, akakaa juu ya kigogo.

"Nilijiamulia," alisema. "Hata mwongozaji hakuona." Akafuta uso kwa mkono. "Martina! Leta viti. Tuna wageni."

Mkewe Martina alileta viti, kisha chai ya tangawizi, kisha ndizi za kuchemsha. Tomasi aliwasimulia mambo yake. Alikaa Dar miaka kumi na mmoja akitafuta kuigiza, akipata sehemu za mlinzi na dereva zisizo na maneno, mpaka alipopata Nusu. Nusu ndiyo kazi pekee maishani ambayo aliifanya akajua ameifanya vizuri. Iliposimamishwa kwa kukosa watazamaji, alifunga begi. Kijijini hakusema neno. Mama yake, aliyekaa nyumba ya pili, mpaka leo alidhani mwanawe alipotelea mjini akirandaranda, na alipoulizwa na majirani alisema kwa Kiluguru kwamba kijana alikwenda kutembea, akatembea sana.

Mwaisha alivumilia kadiri alivyoweza. "Mwanangu," akasema mwisho, "usinione sina adabu. Nani alimuua karani wa mizani?"

Tomasi alicheka kwa mara ya kwanza, akaingia ndani. Alirudi na bahasha iliyochoka. Karatasi za maneno ya sehemu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu alikuwa ametumiwa zote, ila Martina, asiyejua ni za nini, alizitumia kufungia pilipili manga za kuuza. Zilibaki kumi na nne tu.

"Zinatosha," Tomasi akasema. "Nyingine ninazo kichwani. Yangu na ya wenzangu."

Wakagawana. Mwaisha akawa Sajenti Teodora. Huzefa akapewa mkuu wa kituo, mtu mkali, akasoma akiwa ameinua karatasi mbali na macho, sauti ikitetemeka mwanzoni, kisha ikikolea mpaka Martina akaacha kumenya ndizi. Karatasi ilipokosekana, Tomasi alifumba macho akaisema. Jirani wawili waliokuwa wanapita walisimama nje ya ua.

Muuaji alikuwa mwenye malori, mtu ambaye kila mmoja kituoni alimshuku tangu mwanzo na ambaye hakuna aliyeweza kumgusa. Asingefikishwa mahakamani hata mwisho wa tamthilia. Lakini nusu ya pili haikuwa hiyo. Tomasi alisimama katikati ya ua, mkono wa kulia umemlegea, akasema taratibu:

"Mimi ndiye niliyemwita atoke nje, Sajenti. Waliniambia mwite, una sauti anayoiamini. Nikamwita kwa jina lake la utotoni. Akatoka anatabasamu."

Kilichofuata kwenye karatasi hakikuwa maneno. Sajenti alitakiwa kukata muhogo wake vipande viwili, ampe Nusu kimoja. Mwaisha alitazama huku na huko, akachukua ndizi kutoka kwenye sahani, akaikata, akampa. Tomasi akaipokea kwa mkono wa kushoto.

"Nilijua!" Mwaisha alipaza sauti baada ya hapo, machozi yakimtoka. "Nilimwambia fundi tangu sehemu ya tano, huyu anajua kwa sababu alikuwepo!"

"Hukusema hivyo. Ulisema ni shemeji yake."

"Nilisema shemeji kwanza. Baadaye nikasema huyu."

Walibishana mpaka gari lilipokuja kuwachukua, na hawakuwahi kuona ubishi mtamu kama ule. Wakati wa kuagana Huzefa alishika mkono wa Tomasi. "Sehemu zote kumi na moja ninazo," akamwambia. "Kwenye flashi. Jumapili ijayo uko hapa?"

Jumapili hiyo alipanda na televisheni kubwa kuliko zote alizokuwa nazo dukani. Shabnam alisema haiwezekani mtu wa umri wake akae njiani na njaa, akafunga chapati na achari ya embe, naye akapanda garini. Walimkuta Mwaisha ameshatangulia, anapanga mabenchi kwenye ukumbi wa kijiji na kutundika mablanketi madirishani. Baada ya misa watu wakaja, kwanza kumi, halafu thelathini, halafu wengine wakasimama kwenye kuta. Mama yake Tomasi aliletwa ameshikwa mkono, akakalishwa mbele kabisa karibu na Shabnam, kwa kuwa macho yake hayakuwa mazuri. Tomasi mwenyewe alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu anayetaka kukimbia.

Nusu alipoingia kwenye picha mara ya kwanza, ukumbi ulilipuka kwa kelele na vicheko na majina ya Tomasi. Mara ya pili vicheko vilipungua. Polisi walipombana mkono kwenye mlango wa gari, mwanamke mmoja alipiga ukelele. Kuanzia hapo watu walinyamaza, hata watoto wakanyamaza, na Huzefa, aliyekaa pembeni ya Shabnam na rimoti mkononi, aliacha kutazama televisheni akawa anawatazama wao. Alikuwa hajawahi kuitazama tamthilia hii akiwa na mtu mwingine chumba kimoja. Mahali alipokuwa akishusha pumzi peke yake dukani, watu sitini walishusha pumzi pamoja naye.

Walitazama sehemu nne, zikawa tano kwa sababu walikataa kuondoka. Duka lililoibiwa lilipita, Sajenti akasimama mlangoni akasema maneno yake, na Huzefa akahisi mkono wa Shabnam umeshika wake. Shabnam alikuwepo mwaka ule wa redio kumi na moja, na alizijua zile salamu fupi.

Madirisha yalipofunguliwa na mwanga kuingia, watu walimgeukia Tomasi. Hawakujua wamfanyie nini. Mzee mmoja alimpa mkono, kisha wengine wakafuata mmoja mmoja, kama kwenye mlango wa kanisa. Mama yake hakuinuka. Alisubiri mpaka ukumbi ukapungua, akamwita, na Tomasi akaja akachuchumaa mbele yake. Mama alimshika mkono wa kulia, akaupapasa vidole kimoja kimoja, akihakikisha ni vizima.

"Kumbe ulikuwa unafanya kazi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukusema?"

Kabla Tomasi hajajibu, mama aliomba asaidiwe kusimama, akamwuliza Shabnam kama zile chapati zimebaki, nao wakatoka nje pamoja kwenda kula, wakizungumza habari za yule Sajenti, kama ana mume, na kama mguu wake haungepona kwa mafuta ya kuchua. Mwaisha alikuwa anakusanya mablanketi. Mlangoni watu walikuwa wamemzunguka Huzefa, wanataka kujua zimebaki sehemu ngapi na Jumapili ijayo wataanza saa ngapi.